Mfalme Alishatuma Rambirambi, Kumbe Marehemu Wako Melini: Kisa cha 1919 na Maandalizi ya Kutua Baharini

Mei 1919, nje kidogo ya jiji la London, mama mmoja kijana mwenye mtoto mdogo wa kike alipokea telegramu ya rambirambi. Aliyeituma hakuwa jirani wala shemeji. Alikuwa Mfalme wa Uingereza mwenyewe, akimpa pole kwa kufiwa na mume.

Mume huyo alikuwa rubani. Tarehe 18 mwezi huo alikuwa ameruka kutoka Newfoundland, upande wa pili wa Atlantiki, yeye na mwongoza njia wake, kwenye ndege ndogo yenye injini moja, ili wawe watu wa kwanza kuvuka bahari ile bila kutua njiani. Wangetakiwa kufika kesho yake. Kesho ikafika, wao hawakufika. Kwanza zikazagaa habari kwamba wameonekana wameanguka karibu na pwani ya Ireland, watu wakashangilia, halafu zikakanushwa. Siku ya pili kimya. Ya tatu kimya. Magazeti yakaanza kuandika kwa lugha ile ya msibani, na gazeti lililodhamini shindano likatangaza kwamba mjane na mtoto watatunzwa.

Mjane mwenyewe sasa ndiye aliyewashinda watu. Aligoma kabisa kuwa mjane. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa mume wake yuko hai na atarudi. Unaweza kufikiria jinsi wageni walivyokuwa wakitazamana pale sebuleni. Maskini, huzuni imempanda kichwani.

Na mama yule alikuwa sahihi. Siku ileile watu walipokuwa wakinong'ona, mume wake alikuwa ndani ya meli ya mizigo ya Denmark, mzima wa afya, akisogea taratibu kuelekea nyumbani. Tatizo moja tu: meli ile haikuwa na redio.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama bahati. Ukikichunguza vizuri, bahati ilikuwepo, lakini ilikuja kumkuta mtu ambaye alishafanya kazi yake.

Dau la pauni 10,000

Yote yalianzia gazetini. Daily Mail la London lilikuwa limeweka dau la pauni 10,000 kwa atakayevuka Atlantiki kwa ndege ndani ya masaa 72. Dau lilitangazwa 1913, vita kuu vikaingia, likawekwa kabatini. Vita vilipokwisha likatolewa tena. Kwa pesa ya enzi zile hizo zilikuwa nyumba, gari, na za kubaki benki nyingi tu.

Rubani alikuwa Mwaustralia wa miaka 30, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kuchezea injini za magari na baadaye akawa mjaribu ndege wa kampuni ya Sopwith. Mwenzake alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mtu wa nyota na ramani za bahari, ambaye kazi yake ndani ya ndege ilikuwa kujua wako wapi. Walikaa Newfoundland wiki kadhaa wakisubiri hali ya hewa itulie. Si wao peke yao. Timu nyingine za Waingereza zilikuwa hapohapo, kila moja ikiichungulia mwenzake na kuangalia mawingu.

Kilichowatoa ni habari za Wamarekani. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa limerusha ndege tatu kubwa, zile zenye tumbo kama mashua, kuelekea visiwa vya Azores, na baharini likapanga meli za kivita kwenye mstari wa njia nzima, ili ndege ikianguka kuwe na mtu wa kuiokota. Maandalizi ya serikali hayo. Hata hivyo, kati ya ndege tatu ni moja tu iliyofika ikiwa hewani. Mbili zilitua majini zikitafuta njia kwenye ukungu, na mawimbi yakazikatalia kuruka tena. Watu wa ndege moja waliokotwa na meli ya Wagiriki. Wa ndege nyingine waligeuka mabaharia, wakaiongoza ndege yao juu ya maji kwa zaidi ya maili 200 mpaka bandarini Azores. Hizo zilikuwa ndege zilizotengenezwa kukaa kwenye maji! Sasa fikiria ndege ya kawaida ya mbao na kitambaa.

Jamaa wetu wawili hawakuwa na msururu wa meli. Walikuwa na vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa mashua. Sehemu ya juu ya mwili wa ndege, nyuma ya viti vyao, ilikuwa mashua ndogo iliyopinduliwa juu chini, imeshikizwa ili ikihitajika ichomolewe, igeuzwe, watu wapande. Cha pili kilikuwa mavazi mazito ya kuzuia maji yenye mifuko ya hewa, kwa sababu Atlantiki ya kaskazini ikikupata na nguo za kawaida, baridi inakumaliza kabla hujafikiria kuzama.

Cha tatu ndicho kilichowashangaza watu waliokuwa wakiwatazama wakiruka. Baada tu ya kuondoka ardhini, rubani alivuta kitu fulani na magurudumu ya ndege yakaanguka chini. Akayaacha. Yaani amekata njia ya kurudi salama, maana sasa hata akifika Uingereza itabidi atue kwa tumbo. Sababu kubwa ilikuwa kupunguza uzito na upepo ili ndege ikimbie zaidi. Lakini kulikuwa na faida nyingine ambayo siku ya pili ilikuja kulipa deni lote: magurudumu yanayoning'inia ndiyo yanayoshika maji kwanza, na yakishika, ndege hupiga pua na kupinduka. Ndege isiyo na magurudumu huteleza.

Rejeta

Waliruka mchana wa tarehe 18. Timu ya wapinzani wao ilijaribu kuwafuata siku hiyohiyo na ikaanguka palepale kwenye uwanja wa kurukia. Wao wakaingia ukungu, wakapanda juu yake, giza likawakuta, na mwongoza njia akaanza kutafuta nyota katikati ya mawingu.

Masaa machache baadaye rubani akaona kipimo cha joto la maji ya injini kinapanda. Kila dereva wa gari la zamani anaijua hofu hiyo. Aliamini kuna takataka, kutu au vipande vya risasi ya kulehemu, vimeziba chujio la rejeta. Akabuni dawa: kupunguza moto wa injini, kuielekeza ndege chini kwa kasi, ili zile takataka ziachie. Mara ya kwanza dawa ilifanya kazi. Akapanda tena. Joto likarudi. Akajaribu tena, safari hii haikusaidia sana. Na kila akipanda juu ili kuvuka mawingu, maji yanachemka, mvuke unatoka, maji yanapungua. Kwenye mteremko mmoja injini ilizima kabisa na kukataa kuwaka, ndege ikaporomoka kuelekea mawimbi, na ikakubali kuwaka wakiwa karibu kuyagusa.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Alfajiri ilipoingia walikuwa wameshavuka zaidi ya nusu ya njia. Injini ilikuwa bado inazunguka. Mtu mwenye dau la pauni 10,000 kichwani, taifa zima linamsubiri, wapinzani wako nyuma yake, angeweza kabisa kusema hebu tujikaze, huenda itafika. Wengi wamekufa na hiyo "huenda". Wawili hawa walipiga hesabu ya maji yaliyobaki kwenye rejeta, wakakubaliana kwamba ndege haitafika, na wakaacha kuwania zawadi wakati bado wana injini ya kuchagulia mahali pa kuangukia.

Wakageuza njia. Mwongoza njia alijua meli za kati ya Ulaya na Marekani hupita wapi zaidi, wakaielekea njia hiyo na kuanza kukata kona, huku na huku, chini ya mawingu, kwenye upepo mkali, wakitafuta moshi. Muda mrefu hawakuona kitu. Ghafla, kwenye ukungu, wakaiona meli karibu kabisa. Ilikuwa Mary, meli ndogo ya mizigo ya Denmark.

Angalia walichofanya baada ya hapo. Hawakukimbilia kutua. Walizunguka juu yake wakafyatua fataki za ishara mpaka watu walipoonekana juu ya sitaha. Yaani walihakikisha kwanza wameonekana. Kisha wakatangulia mbele ya meli, kama maili mbili, kwenye njia yake yenyewe, wakatua hapo. Meli haina breki kama daladala, na kuigeuza kwenye bahari iliyochafuka ni kazi ya muda. Ukitua mbele yake, inakuja yenyewe.

Ndege ilikaa juu ya maji. Matangi yake ya mafuta yalikuwa yamebaki matupu kwa kiasi kikubwa, na tangi tupu ni boya. Mawimbi yakawa yanapita juu yake. Wakaichomoa ile mashua yao ndogo, wakasubiri. Mary ikafika karibu, lakini bahari ilikuwa mbaya kiasi kwamba mabaharia walihangaika kama saa moja na nusu kuwafikia kwa mashua na kamba. Waliookolewa walipanda melini bila ndege, bila mizigo, na bila njia yoyote ya kuwaambia watu wao kwamba wako hai.

Bendera za Jumapili

Ndiyo zikaanza zile siku sita. Mary ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake wa pole, hali ya hewa mbaya, na haikukutana na meli nyingine iliyoweza kupeleka habari. Huku London mfalme anatuma telegramu. Kule baharini anayeliliwa anatazama maji tu.

Jumapili ya tarehe 25 Mei meli ilipita karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Lewis, Scotland, penye kituo cha kutazama meli. Ikapandisha bendera za mawasiliano, moja baada ya nyingine, kueleza kwamba imewaokoa watu wa ndege ya Sopwith. Kituo kikarudisha swali: ni yeye? Jibu likapanda mlingotini: ndiyo.

Habari ilikimbia nchi nzima kabla jua halijazama. Manowari ikatumwa kuwachukua, wakapelekwa kwa wakubwa wa jeshi la majini kule Scapa Flow, kisha treni hadi London. Kwenye kituo cha King's Cross umati ulikuwa mkubwa mno, na askari wa Australia waliokuwa bado Uingereza baada ya vita wakambeba mwenzao juu kwa juu. Mfalme aliyetuma rambirambi akawavisha nishani. Gazeti likawapa pauni 5,000 za kifuta jasho, nusu ya dau. Dau kamili lilichukuliwa mwezi uliofuata na Waingereza wengine wawili, ambao tarehe 15 Juni walifika Ireland na kutua kwa pua kwenye tope la kinamasi.

Na ile ndege? Siku kadhaa baadaye meli ya Kimarekani iliikuta bado inaelea, ikaivuta, pamoja na mfuko wa barua iliyokuwa imebeba. Ikaletwa London na kuwekwa juu ya paa la duka kubwa la Selfridges, watu wakapanda kuitazama. Kitambaa kimechanika, mbao zimevunjika. Kiki ya duka hiyo, hata enzi zile walijua biashara.

Mke, yule aliyekataa kuwa mjane, alikuja kuwa mjane kweli miaka miwili baadaye. Julai 1921 rubani alifariki kwenye ajali ya ndege alipokuwa akijiandaa kwa mashindano, nchi kavu, karibu na nyumbani. Mwaka uliofuata mama huyo alichapisha kitabu cha maisha ya mumewe.

Kusubiri mwanga

Miaka 37 baada ya Mary, kwenye bahari ya Pasifiki, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Honolulu kwenda San Francisco ilipoteza injini mbili kati ya nne usiku wa manane. Oktoba 1956. Ilikuwa ndege kubwa, si ndogo, ila nahodha wake alifuata mantiki ileile. Kulikuwa na meli ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyowekwa katikati ya bahari kwa kazi ya hali ya hewa na msaada. Nahodha aliifuata, akaanza kuizunguka. Hakutua. Alizunguka mpaka kukapambazuka, akichoma mafuta ili ndege iwe nyepesi, huku wahudumu wakipitia na abiria mara kwa mara nini kitafanyika.

Alifanya jambo jingine. Mwaka mmoja nyuma ndege ya aina hiyohiyo ilitua baharini karibu na Oregon, mkia ukakatika, watu 4 kati ya 23 wakafa. Nahodha alikumbuka. Akawaondoa abiria waliokaa nyuma na kuwasogeza mbele. Asubuhi akatua pembeni ya meli, kwenye mstari wa povu ambao mabaharia walimmwagia juu ya maji aone usawa wa bahari. Mkia ukakatika, kama alivyohofia. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Watu wote 31 wakatoka. Waliokosa bahati ni shehena ya ndege chiriku iliyokuwa kwenye mizigo.

Ndege ndogo

Ukweli ni kwamba wengi wanaosoma hapa hawatapanda ndege ya kuvuka Atlantiki na mashua mgongoni. Watapanda Caravan. Ni ile ndege yenye injini moja puani, mbawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, inayoruka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Pemba au Mafia, na abiria mmoja akibahatika anakaa pembeni ya rubani na kupiga picha. Ni ndege ngumu yenye sifa nzuri, na injini za aina yake huzima kwa nadra sana. Nadra lakini si kamwe.

Desemba 2013, ndege ya aina hiyo iliruka kutoka kisiwa cha Molokai, Hawaii, ikiwa na rubani na abiria 8. Muda mfupi baada ya kuruka injini ikafa. Hapakuwa na muda wa kuzunguka meli wala wa kungoja alfajiri. Rubani akaishusha ikiwa sawasawa juu ya bahari yenye mawimbi, na watu wote 9 wakatoka wakiwa hai. Abiria mmoja alikuwa na kamera ndogo, akarekodi yote: kengele inalia ndani, watu wametulia kuliko unavyotarajia, maji yanaingia, watu wanatoka mlangoni wakiwa na majaketi ya kuokoa maisha. Walielea zaidi ya saa moja. Mmoja aliogelea mpaka ufukweni. Mmoja alifia majini kabla ya kuokolewa.

Kwenye ndege kama hiyo mpangilio wa maandalizi unabadilika kwa sababu ya umbo lake. Mbawa ziko juu, kwa hiyo zikielea, chumba cha abiria kinakuwa chini ya usawa wa maji. Usitegemee kufungua mlango ukatoka mkavu. Ndiyo maana marubani hufundishwa kufungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa maji, kwa sababu mwili wa ndege ukipinda kidogo mlango unaweza kukwama, na shinikizo la maji nje linausukuma urudi ndani. Magurudumu nayo, yale ambayo Mwaustralia aliyatupa Newfoundland, hapa yapo na hayatoki. Yanaweza kushika maji na kuipindua ndege, ukajikuta kichwa chini, gizani, maji puani.

Mtu aliyepinduka hajui juu ni wapi. Akifungua mkanda kwanza anaelea hovyo, anapapasa ukuta akidhani ni mlango. Kinachofundishwa kwenye mabwawa ya mafunzo ni hiki: kabla ya kutua, tazama mlango ulio karibu nawe, uguse, hesabu kuna viti vingapi kati. Weka mkono mmoja kwenye kitu kisichohama, fremu ya dirisha au ya mlango, na mwingine ujue kifungio cha mkanda kiko wapi. Mkanda ubane mpaka uumize. Kalamu za mfukoni, miwani, viatu vya kisigino, vyote viondoke. Ndege ikigusa itagusa zaidi ya mara moja, kwa hiyo subiri itulie kabisa. Shika, fungua njia, ndipo ufungue mkanda, halafu ujivute kuufuata mkono wako.

Rubani naye ana yake. Kutoka juu bahari inaonekana bapa, lakini ina migongo, yale mawimbi marefu yanayotoka mbali. Ukiligonga wimbi la namna hiyo uso kwa uso ni sawa na kugonga ukuta. Kwa kawaida hutua sambamba na migongo hiyo, mwendo mdogo kabisa ambao ndege inaweza kubeba, pua imeinuka kidogo. Bahari shwari kama kioo nayo ina hila zake, maana jicho halioni maji yanaanzia wapi, na rubani anaweza kudhani bado yuko juu kumbe ameshafika.

Jaketi

Sasa lile jambo ambalo wahudumu huliimba kila safari na watu wakiwa wanachati. Jaketi livae ndani ya ndege. Ulijaze upepo ukiwa nje.

Sababu yake iko kwenye bahari yetu hii. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege kubwa ya abiria iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka kupelekwa Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Mafuta yakaisha karibu na Komoro, na ndege ikaangukia majini mbele ya ufukwe wa hoteli, kaskazini mwa Ngazidja, mbele ya macho ya watalii. Rubani alikuwa anang'ang'ania usukani huku watekaji wakimsumbua mpaka mwisho. Ncha ya bawa na injini ya kushoto viligusa kwanza, ndege ikavunjika vipande.

Wavuvi, wafanyakazi wa hoteli na wageni wakakimbilia na mashua. Kati ya watu 175 walipona 50 tu. Na miongoni mwa waliokufa walikuwemo watu ambao mgongano haukuwaua. Walikuwa wamejaza majaketi yao upepo mapema, wakiwa bado wamekaa kwenye viti. Maji yalipoingia, jaketi likafanya kazi yake: likawainua. Likawabana kwenye dari. Mlango uko chini yao, chini ya maji, na mtu aliyevaa boya hawezi kupiga mbizi.

Inauma kwa sababu watu hao hawakuwa wazembe. Walivaa jaketi, walijiandaa, waliwahi. Waliwahi kwa dakika chache tu kupita inavyotakiwa.

Meli nyingine, miaka 96 baadaye

Januari 2015, rubani mmoja aliondoka California peke yake na ndege ndogo ya injini moja kuipeleka Maui, Hawaii. Aliongezewa tangi la mafuta ndani kwa ajili ya safari hiyo ndefu. Katikati ya Pasifiki akagundua mafuta ya tangi hilo hayapiti kwenda kwenye injini. Anayo mafuta, anayaona, hayatumiki. Akapiga hesabu kama ile ya 1919, jibu likawa lilelile.

Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na redio. Aliwaambia walinzi wa pwani masaa kadhaa kabla, wakatuma ndege kubwa ya kumsindikiza, na pamoja wakachagua mahali: karibu na meli ya kitalii iliyokuwa ikipita, zaidi ya maili 250 kutoka Maui. Ndege yake ilikuwa ya aina yenye parachuti ya ndege nzima. Alipofika karibu na meli akavuta kamba, parachuti likafunguka, ndege ikaning'inia chini yake kama kikapu na kushuka mpaka kwenye mawimbi makubwa. Walinzi wa pwani walirekodi video kutoka juu. Anaonekana akitoka upesi, akiingia kwenye boti yake ya mpira. Ndani ya kama nusu saa akawa amechukuliwa na mashua ya meli.

Usiku ule alilala kwenye meli ya starehe, kati ya watalii. Ndege yake ilionekana mara ya mwisho ikiwa nusu imezama, parachuti limelowa pembeni, na lile tangi ndani bado lina mafuta.